Shajara ya mradi: basi mseto la njia ya Kiboswa

Jumanne, 4 Februari 2025

Basi limeingia karakanani leo saa nne asubuhi, likiwa limevutwa kwa mnyororo kutoka Kondele kwa sababu klachi yake ilikuwa imekwisha. Ni basi la abiria 33, bodi yake ikiwa imeundwa humu nchini juu ya chasisi ya lori la tani 8.5, na limehudumu kati ya mjini Kisumu na Kiboswa kwa miaka ambayo hakuna mwanachama aliyekuwa tayari kunitajia idadi yake. Sacco, yaani chama cha wenye mabasi ya njia hiyo, imetukabidhi kwa miezi sita. Makubaliano ni kwamba injini ya dizeli haitaguswa. Tutafunga mota ya umeme ya kilowati 25 kando ya propela, mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, iunganishwe nayo kwa mkanda wa meno, ili imsaidie dereva anapoondoka kituoni na igeuke kuwa jenereta anapofunga breki. Swali lililobaki, na ndilo kiini cha mradi huu, ni mahali pa kuuweka umeme huo.

Mwenyekiti wa sacco aliniuliza mbele ya wote kwa nini tusinunue tu basi la umeme kama yale yanayoonekana Nairobi tangu 2022. Swali lake ni la haki, hasa kwa kuwa tangu Aprili 2023 kuna bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, nafuu zaidi usiku. Nilimjibu kwamba chama kina mabasi ya dizeli ambayo mikopo yake bado inalipwa, na kwamba mtu haachi jembe shambani eti trekta limefika kwa jirani. Alicheka, lakini sina hakika kwamba alikubali.

Alhamisi, 13 Februari

Mwanafunzi wetu wa mwaka wa pili ameketi kando ya makanga wa basi lingine la njia hiyohiyo kwa safari sita, daftari mkononi, akiandika kila mahali gari liliposimama. Safari iliyokuwa na vituo vichache ilikuwa na 38 kwenda na kurudi, na iliyokuwa na vingi ilikuwa na 57. Tumechukua 46 kuwa ya kufanyia hesabu.

Katika shajara hii nitatumia neno uniti kwa maana ileile inayojulikana na kila anayenunua tokeni za umeme, yaani kilowati-saa moja. Basi letu likijaa, uzito wake ukiwa tani 8.5, na kwenda kilomita 40 kwa saa, nishati iliyomo katika mwendo wake ni kilojuli 525, ambayo ni uniti 0.146. Dereva anapolisimamisha kwa sekunde kumi, nishati hiyo yote huishia kwenye magurudumu kama joto, kwa wastani wa kilowati 52. Nilizidisha 0.146 kwa vituo 46 nikapata uniti 6.7 kwa kila mzunguko, nikaziandika ubaoni kwa chaki nyekundu na kuzipigia mstari. Mji ndio wenye mali, nikawaambia. Mlima wa Riat, kabla ya kufika Kiboswa, tutauvumilia tu.

Jumatano, 5 Machi

Mota imefungwa. Kazi ya kupanga mkanda ilichukua siku nne badala ya moja, kwa kuwa propela ya gari la zamani haizunguki kwa unyoofu kamili na mkanda ulikuwa ukitembea taratibu kuelekea ukingoni. Fundi wa vyuma alitengeneza puli mpya kwenye mashine ya kukereza, akaipima kwa kidole gumba kabla ya kukubali kuipima kwa chombo. Vipimo vyote viwili vilikubaliana.

Kwa akiba ya awali tumetumia betri nane za risasi na asidi, za volti 12 na ampea-saa 100 kila moja, zilizopangwa mfululizo kupata volti 96. Kwenye karatasi zina uniti 9.6. Kwenye mizani zina kilo 240, yaani uzito wa abiria watatu na nusu ambao hawatalipa nauli.

Jumatatu, 10 Machi

Sheria haituruhusu kubeba abiria kwenye gari lililobadilishwa kabla ya kukaguliwa, na hata ingeturuhusu nisingethubutu. Tulipakia mifuko 42 ya mchanga, kila mmoja kilo 50, tukaifunga kwa kamba kwenye viti. Watu wa Kibuye walitutazama kama tunaohamisha kaburi.

Mfumo ulifanya kazi kwa maana kwamba hakuna kilichoungua. Kila mara dereva alipogusa breki, mota ilizalisha umeme, lakini betri zilipokea ampea 20 au 22 tu kabla ya volti kupanda na kidhibiti cha mota kupunguza mkondo. Ampea 20 kwa volti 96 hazifiki hata kilowati 2. Tulikuwa na kilowati 50 zikitafuta mlango, na mlango wetu ulipitisha mbili. Zilizobaki ziliishia kwenye breki kama kawaida, na tulipofika hospitali ya rufaa, kituo ambacho makanga bado hukiita Rasha kwa sababu ya Warusi walioijenga, harufu ya lainingi ya breki iliyopata moto ilikuwa ndani ya gari.

Kosa hili lilitangulia katika hesabu, na lilikuwa langu. Nilisoma kwamba New York ilianza na mabasi mseto machache mwaka 1998 yakitumia betri za risasi, nikaona kwamba kilichowezekana huko kinawezekana Kisumu. Sikuuliza kwa nini baadaye walihamia kwenye betri za lithiamu. Kibuyu kinaweza kuwa na tumbo kubwa, lakini ukikikinga chini ya paa wakati wa mvua hakitajaa kwa kasi inayozidi ile ya mdomo wake. Betri ya risasi ni kibuyu cha namna hiyo.

Ijumaa, 14 Machi

Hakuna kilichofanyika. Mvua ilinyesha tangu saa nane mchana, umeme ukapotea, na jioni ikatangazwa bei ya mafuta ya mwezi. Mwenyekiti alipiga simu kuuliza tumefika wapi.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika usiku huu kabla kumbukumbu haijaanza kujipamba.

Wiki iliyopita tulibadilisha betri za risasi kwa seli 30 za lithiamu-fosfati ya chuma, za volti 3.2 na ampea-saa 100 kila moja. Uniti ni zilezile 9.6, lakini seli zote pamoja hazizidi kilo 60, na zinaruhusiwa kupokea ampea 100, ambazo ni karibu kilowati 10. Kila seli inalindwa na saketi inayokata mkondo kwa kontakta, yaani swichi kubwa ya umeme, ikiwa volti zitafika 3.65 wakati wa kuchaji au zitashuka chini ya 2.5 wakati wa kutumia. Tulichaji usiku kucha hadi zikajaa kabisa, kwa mazoea yaleyale ya kuchaji simu.

Asubuhi tulipanda Riat kwa injini peke yake, kwa kuwa nilitaka kupima breki tu bila kuchanganya na msaada wa mota. Tulifika Kiboswa, tukageuza gari, tukaanza kushuka. Dereva aliliweka kwenye gia ya tatu na kuiachia mota ishike gari, jambo ambalo alikuwa amelizoea na kulipenda katika siku mbili za majaribio ya uwanjani. Kwa sekunde kama arobaini gari lilishuka kwa utulivu kiasi kwamba mchanga nyuma yetu haukusikika. Kisha kontakta ilifunguka kwa mlio wa tak, kidhibiti kikatoa sauti fupi na harufu ya plastiki iliyoungua, na ile nguvu iliyokuwa ikilivuta gari nyuma ikatoweka mara moja.

"Mwalimu, gari limekataa kushikwa," dereva alisema. Hakupaza sauti. Alikanyaga breki ya kawaida, akawasha breki ya ekzosi inayobana moshi wa injini, akarudi gia ya pili kwa mkono ambao haukutetemeka, na tukasimama kando ya barabara mbele ya kibanda cha kuuza ndizi. Mimi ndiye niliyetetemeka. Mama mwenye kibanda alituuliza kama tunapeleka mchanga Kisumu kwa basi siku hizi.

Chanzo hakina fumbo. Betri iliyojaa haina mahali pa kuweka kitu. Seli moja, ya kumi na saba, ilikuwa juu kidogo kuliko wenzake, ikafika 3.65 kwanza, saketi ikatimiza wajibu wake na kukata. Lakini mota ilikuwa bado inazunguka na kuzalisha. Umeme ukakosa pa kwenda, volti zikaruka, na kapasita za ndani ya kidhibiti, vyombo vidogo vya kushika umeme kwa muda mfupi, zikapasuka. Ulinzi wa betri uliilinda betri, na haukuwa na habari kwamba kuna gari na watu nyuma yake.

Kuanzia leo, saketi ya ulinzi haitakata bila kukionya kidhibiti kwanza, ili kipunguze nguvu ya jenereta polepole kwa sekunde tano. Taa nyekundu itawekwa mbele ya dereva. Breki za upepo zitabaki kama zilivyotoka kiwandani, na mota haitahesabiwa kamwe kuwa sehemu ya uwezo wa kulisimamisha gari.

Ijumaa, 11 Aprili

Tukisubiri kidhibiti kingine, mwanafunzi amenijia na daftari lake la Februari. Alikuwa ameandika si vituo tu bali pia mwendo wa gari kabla ya kila kituo, kwa kutumia simu, jambo ambalo sikumtuma na wala sikulisoma. Kati ya vituo 46, ni 17 tu ambavyo basi lilikuwa likienda kilomita 30 kwa saa au zaidi. Vingine, hasa kati ya Kibuye na Kondele ambako tuktuk na bodaboda hukata mbele ya kila mtu, lilikuwa likitambaa kwa kilomita 15 au 20.

Nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi. Basi linaloenda kilomita 20 kwa saa lina robo tu ya nishati ya lile linaloenda 40, yaani kilojuli 131. Ukikata kinacholiwa na tairi, mkanda, mota na kidhibiti, kile kinachobaki kwenye vituo vya Kondele hakifai hata kuandikwa. Tumekokotoa upya kwa vituo 17 vyenye thamani, kila kimoja kikitupa wastani wa kilojuli 200, na jumla ni karibu uniti moja kwa mzunguko mzima. Zile 6.7 za chaki nyekundu bado ziko ubaoni, nimeomba zisifutwe.

Kisha tukafanya hesabu ambayo nilikuwa nimeidharau. Simu yetu ilionyesha tofauti ya zaidi ya mita 200 za mwinuko katika kilomita kama 6 za mteremko. Tani 8.5 zikishuka mita 200 hutoa uniti 4.6. Tairi na upepo hula kama 1.8. Zinazobaki ni 2.8, na zinakuja kwa dakika tisa mfululizo, kwa wastani wa kilowati 19 hivi, si kwa sekunde kumi za kilowati 52. Hata baada ya hasara za mota na kidhibiti, uniti 2.2 zinaweza kuingia kwenye betri.

Kwa hiyo mlima, ambao basi huushuka mara moja tu katika mzunguko, una mali maradufu ya mji wote. Vitabu nilivyovisoma vinahesabu kila kitu kwa vituo vya mjini, na nilivibeba hadi Kisumu bila kutazama nje ya dirisha.

Ijumaa, 2 Mei

Kapasita kubwa mbili zimefika: kila moja ni ya volti 48 na faradi 165, na uzito wa zote mbili haufiki kilo 30. Tuliziagiza kabla ya hesabu ya Aprili, wakati bado niliamini kwamba mji ndio shabaha. Zikifungwa mfululizo kwa volti 96 zina kilojuli 380. Volti zikishuka nusu, robo tatu ya nishati huwa imeshatoka, kwa hiyo zinazotumika ni 285, ambazo zinatosha kituo kimoja kizuri na hazitoshi cha pili. Uzuri wake ni kwamba hazina mdomo mwembamba: zinapokea kwa sekunde kumi na kutoa kwa sekunde kumi, maelfu kwa maelfu ya mara. Ni sufuria pana isiyo na kina. Shanghai imekuwa na mabasi yanayoendeshwa kwa kapasita tangu 2006, nayo hulazimika kuchajiwa vituoni njiani kwa sababu hiyohiyo.

Zinataka heshima. Fundi wa umeme aliweka spana juu ya ncha mbili za kapasita aliyoamini kuwa tupu. Ilikuwa na volti 9. Spana ile sasa ina shimo dogo lenye ukingo unaong'aa kama lulu, na imetundikwa ukutani kwa msumari. Tangu siku hiyo kila kapasita hufungwa kwa waya wa kuimaliza nguvu inapotolewa, na haifungwi kwenye mfumo bila kwanza kuchajiwa taratibu kupitia rezista.

Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuja kututembelea alituuliza kwa nini hatutumii gurudumu zito linalozunguka, kama alivyosikia zamani kutoka Kongo. Kumbukumbu yake ni sahihi. Kiwanda cha Oerlikon cha Uswisi kiliunda mabasi yaliyobeba gurudumu la chuma la tani 1.5 chini ya sakafu, likizungushwa mara 3,000 kwa dakika kwa umeme wa nguzo za kituoni, kisha likaendesha basi kwa kilomita chache hadi kituo kinachofuata. Yalianza Yverdon mwaka 1953, na Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, ikayapata mwaka 1955. Hayakudumu hata miaka mitano huko. Nilimwambia mzee wetu kwamba barabara zetu zenye mashimo hazingelisamehe gurudumu la tani moja na nusu, akaniuliza kama niliwahi kuziona barabara za Léopoldville za mwaka 1955. Sikuwa na jibu.

Jumanne, 20 Mei

Mizunguko sita, mchanga uleule, dereva yuleyule. Kapasita zimeunganishwa moja kwa moja na kidhibiti, na betri inaziongezea taratibu kupitia kibadilisha-volti.

Kati ya Mamboleo, chini ya mlima, na Kondele, ambako kuna vituo vya mwendo mzuri, kapasita hujaa kila mara na dereva huondoka kituoni bila kukanyaga mafuta kwa mita ishirini za kwanza. Anasema gari "linajisukuma". Nimeona pia jambo ambalo halimo kwenye mchoro wowote: akijua kwamba breki ya polepole inamrudishia kitu, anaanza kupunguza mwendo mapema zaidi, na makanga analalamika kwamba magari mengine yanampita na kumchukulia abiria. Abiria wenyewe ni mifuko ya mchanga, lakini makanga ni makanga.

Tulijaribu kuzima injini gari likiwa limesimama steji kusubiri abiria. Usukani ukawa mzito kama wa trekta na upepo wa breki ukaanza kushuka, kwa sababu pampu ya usukani na kompresa zote huzungushwa na injini. Injini haitazimwa hadi vitu hivyo viwili vipate mota zake. Nilitarajia akiba kubwa hapa, kwa kuwa mabasi yetu hunguruma steji hata nusu saa, na imenisikitisha kuiahirisha.

Mlimani, seli 30 hazikupokea zaidi ya kilowati 9.6, kama zinavyoruhusiwa. Kwa dakika tisa ni uniti 1.4. Nyingine zaidi ya hizo zilipotea kwenye breki ya ekzosi.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao na kamati ya sacco kilichukua saa tatu. Nimewaeleza, kwa mchoro wa kibuyu na sufuria kwa sababu mchoro wa saketi uliwalaza usingizi, kwamba kituo na mlima vinataka vyombo viwili tofauti na kwamba njia yao, kwa umbile lake, ni njia ya mlima. Tukipata seli 30 nyingine na kuzifunga sambamba na zilizopo, betri itapokea kilowati 19, karibu sawa na kile mteremko unachotoa kwa wastani. Kilo zinazoongezeka ni 60. Uniti 2.2 za mlimani zikirudi kwenye magurudumu ni sawa na kama nusu lita ya dizeli kwa kila mzunguko, na vituo vya mjini vinaongeza kama robo lita. Mwenyekiti aliandika nambari hizo kwenye kiganja chake, akazidisha kwa mizunguko ya siku, kisha kwa siku za mwezi, na hakusema alichopata.

Hatutanunua kapasita zaidi. Mbili zilizopo zitabaki.

Lililojadiliwa kwa muda mrefu zaidi ni utaratibu wa dereva. Betri haitachajiwa tena karakanani hadi ijae. Itasaidia injini kupanda Riat, ili ifike Kiboswa ikiwa na theluthi mbili tu. Itajazwa wakati wa kushuka, ikome kwenye asilimia 80. Na mjini itatumika pole pole hadi safari inayofuata. Dereva alisema ni sawa na ng'ombe anayepelekwa malishoni: halishwi nyumbani kwanza. Kisha akauliza swali ambalo kamati nzima haikuwa imeliwaza, kwamba siku za soko, watu wakiwa wengi Kiboswa, huwa anageuza gari Mamboleo bila kushuka hadi mjini, akapanda tena mara mbili au tatu. Betri itakuwa imejaa asilimia 80 na mjini hajafika. Je, apande kwa umeme tu?

Kwa hesabu ya haraka, uniti 2.2 alizozipata akishuka haziwezi kulifikisha basi lililojaa juu bila injini, lakini zinaweza kubeba sehemu ya mzigo. Kidhibiti kitapangwa upya ili kitambue gari likigeuka Mamboleo. Seli zimeagizwa. Mwanafunzi ataanza Jumatatu kuhesabu ni mara ngapi kwa wiki magari hugeuka pale, na safari hii nimemwomba aandike kila kitu atakachokiona, hata nisichomtuma.